MELI ZA ABIRIA NA KAZI YA BAHARI

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na karani mstaafu wa bandari mbele ya wazazi na vijana wa Mugutha, kati ya Ruiru na Thika. Tumeyapiga chapa ili wale ambao hawakuweza kuhudhuria wapate kuyasoma, na kuwasomea jirani zao.



Najua wengi wenu mmeshangaa kusikia kwamba habari za leo ni za meli. Bahari iko mbali nasi kama kilomita 500, na maji makubwa tuyaonayo hapa ni yale ya mito ya Ruiru na Thika wakati wa masika. Hata hivyo, bahari si mgeni kwetu. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na tangu siku hizo magunia ya kahawa na marobota ya katani kutoka mashamba ya upande huu yamekuwa yakishuka mpaka Kilindini, na kutoka hapo kuvuka kwenda Ulaya. Mali yetu imejua njia ya bahari kabla yetu sisi wenyewe.

Siku hizi si kahawa tu inayotaka kuvuka. Vijana wetu nao wanataka kwenda. Haipiti wiki ila kijana mmoja ataniletea simu yake ya mkononi, aniambie, "Mzee, hebu soma hapa. Wanataka watu wa kufanya kazi katika meli ya watalii." Kisha huniuliza kama habari hiyo ni ya kweli. Mama mmoja wa upande wetu aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili mwanawe apate kulipa kile alichoambiwa kuwa ni ada ya nafasi. Kijana akasafiri mpaka Mombasa, akaitafuta ofisi aliyoelekezwa, akakuta ni duka la vitambaa. Ng'ombe amekwenda, na kazi haikuwapo.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Naona mtu hadanganywi kwa kuwa ni mjinga. Hudanganywa kwa sababu hajaelezwa jambo lenyewe lilivyo. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi leo nitawaeleza kampuni ya meli za abiria ni kitu gani, huendeshwaje, na mtu huingiaje katika kazi yake. Nitaanza na kampuni moja iliyojulikana sana katika pwani yetu, maana historia yake itatufundisha mengi.

KAMPUNI ILIYOLETA BARUA

Kampuni hiyo ni British India Steam Navigation. Ilianzishwa mwaka wa 1856 na Mskochi mmoja, William Mackinnon, kwa kuchukua barua na abiria kati ya Calcutta na Burma. Mwaka wa 1862 ikapewa jina hilo la British India. Mwaka wa 1872 ilipata mkataba wa kuchukua barua baina ya Aden na Unguja, na hapo ndipo stima zake zilipoanza kufika pwani ya Afrika Mashariki kwa ratiba. Kabla ya hapo wasafiri wengi walitegemea majahazi, na majahazi hungoja pepo za kaskazi na kusi. Stima haikungoja upepo.

Tazameni jinsi jambo hilo lilivyoingia hata katika lugha yetu. Neno "meli" tunalolitumia kila siku limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Watu wa pwani walikuwa na neno lao la "merikebu". Lakini chombo kilicholeta posta kilikuja kuitwa meli, na jina likaenea kwa vyombo vyote vikubwa vya mitambo.

Mackinnon huyu ndiye aliyeongoza kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati ya kifalme mwaka wa 1888 na kutawala sehemu za nchi hii kabla ya serikali ya Uingereza kuzichukua. Hivyo kampuni ya meli haikuleta barua tu, ilileta na utawala. Hayo tuyakumbuke bila kuyaficha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, British India ilikuwa na meli zaidi ya 150. Mtu aliyesimama bandarini aliweza kuzitambua kwa mbali, kwa sababu dohani zake zilikuwa nyeusi, zenye pete mbili nyeupe. Mwaka wa 1914 ilikuwa imekwisha kuungana na kampuni nyingine kubwa, P&O, iliyoanza mwaka wa 1837; lakini iliendelea kutumia jina lake na rangi zake kwa muda mrefu.

MELI MBILI: KENYA NA UGANDA

Katika meli zake zote, mbili zilikuwa na majina yaliyotugusa sisi. Ya kwanza iliitwa Kenya, nayo ilianza safari mwaka wa 1951. Ya pili iliitwa Uganda, nayo ilianza mwaka wa 1952. Zote mbili zilijengwa Glasgow katika kiwanda cha Barclay Curle, na kila moja ilikuwa na tani zaidi ya 14,000.

Hapa ni lazima nieleze neno moja. Tani za meli ya abiria si uzito wa kupima kwa mizani kama magunia ya kahawa. Ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya meli. Kwa hesabu ya zamani, tani moja ilikuwa nafasi ya futi mia za ujazo. Basi mkisikia meli ina tani 14,000, fikirini ukubwa wa nyumba, wala si uzito wa mzigo.

Meli hizo mbili zilitoka London, zikapita Gibraltar, zikaingia Bahari ya Mediterania, zikavuka Mfereji wa Suez, zikagusa Aden, kisha zikafika Mombasa. Kutoka hapo ziliteremka Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Beira. Kila moja ilichukua abiria wapatao 300 tu, pamoja na shehena nyingi. Walikuwamo maofisa wa serikali, walowezi, wamishonari na wafanyabiashara. Meli nyingine za kampuni hiyo hiyo, kama Kampala na Karanja, zilikwenda na kurudi kati ya Bombay na pwani yetu mpaka miaka ya 1970. Hizo zilichukua watu wengi zaidi, na wengi wao walilala sitahani juu ya mikeka yao.

Je, ni nani waliofanya kazi katika meli hizo? Maofisa walikuwa Waingereza. Mabaharia wa sitaha na wa mitambo walitoka hasa Bara Hindi, na wahudumu wengi wa mezani na vyumbani walitoka Goa. Mwafrika alionekana zaidi gatini, akibeba mizigo. Meli iliitwa Kenya, lakini kwa mtu wa Kenya ilikuwa vigumu kupata kazi ndani yake. Nasema hayo ili vijana wajue kwamba mlango huu wanaougonga leo haukuwa wazi kwa babu zao, na kwa hiyo haufai kupotezwa kwa haraka.

MWENYE BASI NA WATU WA HARUSI

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Katika miaka ya 1950 na 1960 ndege za abiria ziliongezeka na kwenda kasi zaidi. Safari ya London iliyochukua wiki kadhaa baharini ikawa ni safari ya usiku mmoja hewani. Kisha, Juni 1967, vita vikafunga Mfereji wa Suez, nao haukufunguliwa tena mpaka Juni 1975. Meli ya kuja kwetu ililazimika kuzunguka Afrika yote kwa kusini. Meli ya Uganda iliondolewa katika njia yetu mwaka wa 1967, na mwaka wa 1969 meli ya Kenya ikauzwa, ikavunjwa vyuma huko La Spezia, Italia.

Lakini Uganda haikuvunjwa. Nataka mlielewe vizuri jambo hili. Mtu mwenye basi la Thika akiona abiria wa kila siku wamepungua, hafungi basi lake nyuani likaota kutu. Hulikodisha kwa harusi, na kwa matembezi ya watoto wa shule. Basi ni lile lile, bali kazi imebadilika: zamani watu walipanda ili wafike mahali, sasa wanapanda kwa ajili ya furaha ya safari yenyewe.

Ndivyo British India ilivyofanya. Ilikuwa imekwisha kujaribu jambo hilo kwa meli za askari. Serikali ya Uingereza ilipoanza kuwasafirisha askari wake kwa ndege badala ya meli, kampuni iliigeuza meli ya Dunera mwaka wa 1961 kuwa shule iendayo baharini, na baadaye Devonia na Nevasa. Uganda nayo ilipelekwa Hamburg, ikatiwa madarasa na mabweni, na tangu mwaka wa 1968 ikawa inachukua wanafunzi wapatao 920 pamoja na abiria wengine zaidi ya 300. Chombo kilichokuwa kikichukua watu 300 sasa kilichukua zaidi ya 1,200.

Mwaka wa 1982 vita vya Visiwa vya Falkland vilipoanza kati ya Uingereza na Argentina, wanafunzi waliteremshwa Naples, na kwa siku chache tu meli ikageuzwa hospitali. Ilitibu majeruhi zaidi ya 700, na miongoni mwao walikuwamo Waargentina. Baada ya hayo yote ilizeeka. Mwaka wa 1986 iliuzwa ili ivunjwe, na mwezi wa Agosti tufani ikaitupa pwani huko Kaohsiung, Taiwan. Huo ndio mwisho wa meli iliyokuwa ikiegesha Kilindini.

WARITHI WA LEO

Jina la British India lilifutika baada ya P&O kupangwa upya mwaka wa 1971. Lakini biashara ya matembezi ya baharini haikufa, bali ilikua. Meli za abiria za P&O ziliingia katika kampuni ya P&O Princess, na mwaka wa 2003 hiyo ikaungana na Carnival, kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa Miami mwaka wa 1972 na Ted Arison. Carnival ilianza na meli moja tu kuukuu, iliyoitwa Mardi Gras, nayo katika safari yake ya kwanza ilikwama mchangani karibu na Miami. Leo kundi la kampuni hizo lina meli takribani 90, zenye majina mbalimbali ya biashara: Carnival, Princess, Holland America, Cunard, Costa, AIDA, na P&O yenyewe.

Tuiangalie P&O peke yake. Ina meli saba. Aurora ilianza mwaka wa 2000, Arcadia 2005, Ventura 2008, Azura 2010, na Britannia 2015. Mbili mpya na kubwa kuliko zote ni Iona, iliyoanza kuchukua abiria mwaka wa 2021, na Arvia, iliyokabidhiwa mwaka wa 2022. Iona ina tani zaidi ya 184,000, na urefu wa mita 345. Mkilinganisha kwa tani, Iona moja ni sawa na Uganda kumi na tatu. Inachukua abiria wapatao 5,200 na wafanyakazi wapatao 1,800, na mitambo yake hutumia gesi asili iliyopozwa mpaka ikawa maji.

Kwa nini meli zimekuwa kubwa hivi? Kwa sababu gharama za nahodha mmoja, mitambo na bandari hugawanywa kwa watu wengi zaidi. Tena nauli peke yake haitoshi. Kampuni hupata fedha pia kwa vinywaji, maduka, michezo, na matembezi ya nchi kavu. Kwa hiyo mfanyakazi wa meli kama hiyo, mara nyingi, si mtu wa kushika usukani. Ni mtu wa kumfanya mgeni aridhike, ili atumie fedha yake kwa furaha na arudi tena mwaka ujao.

Biashara hii haina uhakika wa kudumu siku zote. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, meli za watalii zilisimama duniani kote. Nyingine ziliuzwa, na nyingine zikavunjwa. Wafanyakazi wengi walikaa melini kwa miezi bila kuweza kurudi makwao. Anayetaka kazi hii na ajue hayo pia.

KAZI ZILIZOMO NDANI YA MELI

Meli kubwa ni mji. Wamo manahodha na maofisa wa sitaha, mafundi wa mitambo na wa umeme, mafundi bomba, wapishi, waokaji mikate, wahudumu wa mezani, watandika vyumba, madobi, wauguzi, walinzi, wapiga muziki na makarani. Kijana aliyejifunza upishi hapa Thika, au ufundi wa umeme, amekwisha kupata nusu ya safari. Lakini nusu ya pili ni lazima.

Kila anayekwenda kufanya kazi melini huhitaji mafunzo ya usalama: kuokoa maisha baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na wajibu wake kwa wenzake. Hapa kwetu mafunzo hayo hutolewa na vyuo vilivyoidhinishwa, na kimoja kijulikanacho ni Bandari Maritime Academy huko Mombasa. Huhitaji pia cheti cha daktari, pasipoti, na kitabu cha baharia.

Kazi yenyewe ni ngumu. Mkataba mara nyingi huchukua miezi sita mpaka tisa. Mfanyakazi hufanya kazi siku zote saba za wiki, na hulala katika chumba kidogo pamoja na mwenzake. Abiria hupumzika Jumapili, lakini mpishi hapumziki. Mzazi akimruhusu mwanawe aende, amruhusu akijua hayo.

SHERIA INAYOMLINDA BAHARIA

Sasa nafika kwenye neno nililolijia. Mwaka wa 2006, huko Geneva, mataifa yalipatana juu ya Mkataba wa Kazi za Baharini. Ulianza kutumika mwaka wa 2013, na Kenya iliuridhia mwaka wa 2014. Nitawatajia mambo manne yaliyomo, na ningependa kila mzazi ayakumbuke.

Kwanza, baharia hatozwi fedha ili apatiwe kazi. Anayoweza kujilipia ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia, na pasipoti. Hata gharama ya viza ni juu ya mwenye meli. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nitumie fedha ya nafasi," au "ya usajili," au "ya kuharakisha jina lako," amekwisha kukuonyesha yeye ni nani. Karo ya chuo ni jambo lingine: hulipwa kwa chuo, hutolewa risiti, nayo hulipia elimu, wala si nafasi ya kazi.

Pili, ni lazima uwe na mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi, nawe upewe nakala yako, na nafasi ya kuusoma na kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Tatu, saa za kupumzika zina kiwango chake: zisipungue 10 katika kila saa 24, wala 77 katika kila siku saba.

Nne, mkataba ukiisha, mwenye meli hana budi kukurudisha kwenu kwa gharama yake. Mabaharia wetu wa pwani wana methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumboni kwa chini. Maana yake, mtu azunguke atakavyo, mwisho atarudi alikotoka. Kazi isiyokueleza utarudije, usiipokee.

Tena wako mawakala wa kweli, nao hufanya kazi kwa kibali cha Kenya Maritime Authority, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya bahari. Kabla ya kumwamini mtu, peleka jina la wakala wake huko, uulize kama limo katika orodha. Kuuliza hakugharimu ng'ombe.

Ndugu zangu, sikuja kuwavunja moyo vijana. Meli ya Kenya ilipita karibu miaka kumi na minane katika pwani yetu, na watoto wa Kenya wakaitazama kutoka gatini. Leo mtoto wa Mugutha anaweza kupanda ngazi ya meli iliyo kubwa mara kumi na tatu kuliko hiyo, akiwa na cheti chake mkononi na mkataba wake mfukoni. Nawaomba wazazi, fedha mliyokuwa tayari kumpa mtu msiyemjua, ipelekeni chuoni. Na yule ng'ombe wa maziwa, mwacheni zizini.